Mbona Mnalinda Mchanga?

Nilikuwa Pemba kwa mazoezi ya kufundisha, wiki ya nne, nikiwa bado na ule ujasiri wa mtu aliyesoma Saikolojia ya Elimu semista mbili na kupata B. Nikawapeleka wanafunzi wa Kidato cha Pili Msitu wa Ngezi. Mpango wa somo ulikuwa mzuri kwenye karatasi: watoto waone tabaka za msitu wa mvua, wachore, warudi, wajadili. Gari la kukodi tulilichangia, walimu na wazazi, na mimi nikatoa sehemu ya bumu langu ambayo hadi leo naikumbuka kwa uchungu.

Ndani ya msitu kila kitu kilikwenda sawa. Tukaona mivule ambayo watoto watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Tukaona mizabibu minene kama mkono wa mtu, maji meusi ya kinamasi, na mpapindi, ule mnazi mwembamba wa porini ambao duniani kote unaota Pemba tu. Watoto wakachora. Halafu mtembeza wageni akatupeleka upande wa magharibi, na kwa hatua chache tu msitu ukakatika. Mbele yetu kukawa na uwazi, jua kali, mchanga uliopauka kama unga, na vichaka vya urefu wa mtu, vyenye majani membamba kama sindano. Hakuna ua la maana, hakuna kivuli.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa kukaa nyuma ambaye darasani haongei, akauliza: "Mwalimu, na hapa pia ni hifadhi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mbona mnalinda mchanga? Mama yangu kakatazwa kuokota kuni kwa ajili ya hivi vijiti?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikajibu kile ambacho mwalimu yeyote asiyejua jibu hujibu: nikasema mazingira ni muhimu kwa vizazi vijavyo. Akaniangalia, akafunga daftari. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Nimelitafuta maktaba, kwa wahadhiri wa biolojia niliowasumbua ofisini, na kwa kurudi pale mara mbili peke yangu.

Tuanze na vile vijiti. Ni jamii ya erika, na aina ile inaitwa kitaalamu Erica mafiensis, yaani erika ya Mafia, kwa sababu wataalamu walioipa jina waliipata Kisiwa cha Mafia. Inaota huko na inaota Pemba. Zamani vitabu viliiita Philippia mafiensis, kwa hiyo ukikuta jina hilo kwenye desa la zamani usidhani ni mmea mwingine.

Kwa nini hilo ni jambo la ajabu? Kama umewahi kupanda Mlima Kilimanjaro, au hata umemsikiliza mwenzako aliyepanda akisimulia kwa mara ya kumi, utakumbuka kwamba baada ya kutoka msituni, kwenye mita elfu tatu hivi, unaingia eneo la vichaka vyenye majani kama sindano, vingine vimekua kama miti na vimening'inizwa ndevu za kijivujivu. Hizo ni erika. Ziko Mlima Kenya, ziko Ruwenzori. Afrika Kusini, kwenye rasi ya kusini kabisa, ziko zaidi ya aina 600. Ni jamii tunayoizoea kwenye baridi, juu mlimani, au mbali kusini. Na hapa Ngezi iko karibu na usawa wa bahari, kwenye joto la pwani, umbali wa kutembea kwa miguu hadi ufukwe wa Vumawimbi. Ni kama kukutana na mtu wa Makete amekaa barazani Konde, kavaa kofia yake ya sufi, anakunywa kahawa na wenyeji.

Kinachomweka pale ni mchanga wenyewe. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu.

Udongo wa shamba la mikarafuu, ule mwekundu unaoshika kwenye viatu, una chembe ndogondogo za mfinyanzi. Chembe hizo hushikilia maji na hushikilia virutubisho: naitrojeni, potasiamu, na vingine mnavyovijua. Mchanga hauna kitu cha kushikia. Pemba hunyesha sana, kuliko Unguja, na kila mvua inapopita kwenye mchanga inachukua kidogo kilichomo na kushuka nacho chini. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Kinachobaki juu ni mchanga mtupu, wenye tindikali, umepauka kwa sababu hata ile rangi ya chuma iliyokuwemo imesafishwa. Kwa hiyo mtu anasimama mahali penye mvua nyingi na bado mimea inaishi kama iko kwenye ukame, kwa kuwa maji yanapita tu, hayakai.

Mti wa msituni ukiwekwa pale una njaa na una kiu. Erika imejipanga. Majani yake ni membamba na kingo zimejikunja kwa chini, vile vitundu vya kupumulia vikafichwa ndani ya mkunjo ili jua na upepo visinyonye maji. Chini ya ardhi kuna kazi kubwa zaidi. Mizizi ya erika mwishoni inakuwa myembamba kuliko unywele, na ndani ya seli za mizizi hiyo wanaishi kuvu. Kuvu hao wanaweza kuvunjavunja majani makavu na takataka ngumu ambazo mizizi ya kawaida haiwezi kuzitumia, wakatoa naitrojeni wakaipa erika. Erika nayo inawalipa sukari inayotengeneza kwa jua. Ni biashara ya mali kwa mali. Ukichimba kichaka kimoja ukakipanda kwenye chungu chenye udongo mzuri wa mbolea, usishangae kikifa. Kimezoea umaskini na wale washirika wake.

Na lile suala la kukosa ua la maana. Erika nyingi za Afrika Kusini zina maua mekundu, ya njano, ya waridi, ndege wa aina ya chozi wanakuja kunyonya. Hii yetu maua yake ni madogo mno, ya kijani kibichi au hudhurungi, kwa sababu inategemea upepo kusafirisha chavua. Haina haja ya kumvutia mtu. Nakiri mara ya kwanza nilipita bila kuona kwamba imechanua.

Sasa, mtu anaweza kusema: sawa, mmea wa ajabu, lakini ni mmea mmoja. Ndiyo maana nataka tuvuke hadi Uingereza kidogo, ambako nyika za erika za tambarare zimechunguzwa kwa muda mrefu kuliko zetu, halafu turudi.

Kusini mwa Uingereza, hasa jimbo la Dorset, kuna nyika za mchanga wenye tindikali na jamaa wa hiyo hiyo erika. Maelfu ya miaka iliyopita, wakulima wa enzi za shaba walikata miti kwenye ardhi dhaifu, mvua ikaosha kilichobaki, na vichaka vikashika. Baada ya hapo watu waliendelea kulisha mifugo, kukata kuni na kuchimba udongo wa majani yaliyooza wakauchoma jikoni. Kwa karne nyingi hakuna aliyeona kama kuna cha kuhifadhi. Ilionekana ardhi ya bure. Kuanzia mwaka 1800 hivi hadi sasa zaidi ya asilimia 80 ya nyika hizo zimepotea, zikageuka mashamba, misitu ya misonobari ya kupandwa, na nyumba. Mwaka 2020 vipande kadhaa vya eneo la Purbeck viliunganishwa kuwa hifadhi moja ya taifa ya hekta 3,331.

Walichokuta walipochunguza ni kwamba ule mchanga mtupu, uleule ambao mwanafunzi wangu aliucheka, ndio nyumba. Mjusi mmoja wa huko hutaga mayai kwenye mchanga ulio wazi tu, jua liyaatamie, kwa kuwa Uingereza baridi ni nyingi na chini ya vichaka mayai hayaiva. Aina zote sita za reptilia wa asili wa nchi ile zinapatikana kwenye nyika za Dorset. Kuna kipepeo mdogo wa buluu ambaye kiwavi wake hulindwa na sisimizi. Sisimizi wanaramba utamu anaoutoa, yeye anapata walinzi. Sisimizi hao nao wanataka ardhi yenye joto, yenye uwazi. Kuna ndege kirukanjia, yule wa usiku mwenye rangi ya majani makavu, anayetaga chini moja kwa moja bila kujenga kiota. Na huyu ni mtu wetu: wale wanaozaliana Uingereza, baridi ikianza, huruka hadi Kongo, wakala wadudu wa kule kusini mwa nchi hiyo, kisha mwezi wa Aprili na Mei wanarudi kwenye nyika zao. Ukiharibu mchanga wa Dorset umepunguza ndege wa Katanga.

Jambo lililonichekesha ni hili. Wahifadhi wa huko wanakata miti. Wanang'oa misonobari michanga kila mwaka, wanaleta farasi na ng'ombe walishe, kwa sababu wakiacha tu, miti inarudi na nyika inafunikwa. Yaani mtu anakata mti kwa jina la uhifadhi! Kwetu, ambako toka darasa la kwanza tumeimbishwa panda mti, hili halimezeki upesi. Lakini ndivyo lilivyo: msitu ni makazi, nyika nayo ni makazi, na kila moja lina wenyewe.

Turudi Ngezi, maana Pemba ina sababu yake ya ziada.

Mkondo kati ya Pemba na bara ni wa kina cha mamia ya mita. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa makumi ya mita tu. Wakati wa zama za barafu, kama miaka elfu ishirini iliyopita, bahari ilishuka kiasi cha mita 120. Unguja ikaungana na bara. Chui, kima na paa wakavuka kwa miguu. Pemba haikuungana. Imekuwa kisiwa kwa muda mrefu mno, na wakazi wake wamekaa wakabadilika peke yao. Ndiyo maana Pemba haikuwa na kima punju wa asili. Wale waliopo Ngezi waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970, wachache tu, na mpaka leo kuwaona ni bahati. Wapemba wanaopenda kutuambia watu wa Unguja kwamba wao ni tofauti, jamani, wana ushahidi wa jiolojia.

Matokeo ya upweke huo ni aina nne za ndege ambazo hazipo popote pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba. Chozi na kinengenenge utawaona hata kwenye bustani za nyumba. Bundi ni mwingine. Giza likiingia tu anaanza kutoa sauti moja fupi, "hu", ananyamaza, halafu "hu", na mwenzake anajibu kutoka upande wa pili. Nilikaa ukingoni mwa msitu na mtembeza wageni, mzee mmoja mpole, tukamsikia dakika arobaini bila kumwona hata unyoya. Nikamuuliza, "Baba, wewe umeshamwona?" Akasema, "Mwanangu, huyu anaonwa na asiyemtafuta." Mchana kuna mjusi wa kijani kibichi, mzima hana doa, wa Pemba peke yake pia. Na kuna chesi, paa mdogo kama mbuzi mchanga, anayejificha penye vichaka vizito.

Mnyama mkubwa wa hadithi, hata hivyo, ni popo wa Pemba. Mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita moja na nusu. Ana uso kama wa mbweha na manyoya ya rangi ya kutu. Jamaa zake wako Madagaska, Komoro, Mafia, hadi Asia na Australia, ila bara la Afrika lenyewe hawapo. Anakula maembe, shelisheli, kuyu, halafu anaruka mbali na kuangusha mbegu. Mti wa msitu ukiota katikati ya nyika au kwenye shamba lililoachwa, mara nyingi aliyeupanda ni yeye.

Watu walimla, na bunduki zilipoingia walimmaliza karibu kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliofika Pemba walipata wachache wa kuhesabika. Akawekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Kilichofuata kinapaswa kutuhusu sisi wa elimu: vikundi vya wanavijiji viliundwa kulinda miti wanayolala, kama pale Kidike, na elimu ikapelekwa skuli. Watoto wakawakatalia baba zao. Ndani ya miaka kama ishirini idadi ilipanda hadi makumi ya maelfu, wakahesabiwa zaidi ya 18,000, na daraja la hatari likashushwa. Haikuwa mihadhara ya vizazi vijavyo. Watu wa Kidike walianza kupata kitu kidogo kutoka kwa wageni wanaokuja kutazama, na waliona kwa macho yao kwamba wale popo ni wao.

Nyika ya erika haina popo wake. Hakuna mgeni anayeshuka kwenye ndege kuja kupiga picha kijiti kisicho na ua. Hilo ndilo tatizo lake, na mtu akikuuliza kati ya hekta kama 1,440 za Ngezi ni sehemu gani ya kuachia kwanza, njia, mashamba au majengo ya ufukweni, mkono utaelekea pale penye mchanga. Ardhi inayopakana na bahari inatamaniwa kila mwaka zaidi. Moto pia. Vijiti vile vinashika upesi hata vikiwa vibichi, na kichaka kinachoungua kila mara kabla hakijakomaa kutoa mbegu hakina cha kurudishia. Sehemu kubwa ya misitu ya Pemba ilishakatwa kwa ajili ya mikarafuu. Ngezi ndiyo kipande kikubwa kilichosalia. Ukipoteza erika pale, hakuna nyika nyingine ya jirani ya kuleta mbegu, labda uvuke hadi Mafia.

Niliporudi darasani sikuhutubia. Nilichukua makopo mawili ya maziwa. Moja nikatia udongo wa shamba, jingine mchanga wa aina ileile, niliouchota nje ya mpaka wa hifadhi. Tukapanda kunde. Tukamwagilia sawa. Wiki ya kwanza zote zikaota vizuri na watoto wakaniona sina ninachokijua, kwa kuwa mbegu hula akiba yake kwanza. Wiki ya tatu ya mchanga ikaanza kuwa ya njano. Nikawauliza: sasa kile kijiti kinakula nini? Tulikaa kipindi kizima hapo, wakabishana, mmoja akasema kinakula jua tu, mwingine akasema kuna kitu chini. Yule wa kuvu na sukari waliwaelewa haraka kuliko mimi, maana nusu ya darasa wazazi wao wanauza samaki kwa kubadilishana na mihogo.

Yule msichana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mkono.

"Nimefahamu, Mwalimu. Hakipo pengine, tukikikata kimekwisha."

"Vizuri sana."

"Lakini mama hajapata pa kuokota kuni."

Hapo niliwaambia kuhusu Uingereza tena. Kwenye nyika moja ya huko, New Forest, wenyeji wana haki za kale za kulisha mifugo, na baadhi ya nyumba zina haki ya kupewa kuni, hadi leo, na matumizi hayo ndiyo yaliyosaidia nyika ibaki wazi. Sikuwaambia tuige. Pemba ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na msitu wa mvua haulishwi ng'ombe. Lakini nilitaka wajue kwamba kuna mahali duniani ambapo mwenye kuni na mwenye hifadhi walikaa meza moja wakaandikiana.

Akauliza kama pale kwetu walishakaa. Nikamwambia ni swali la kwenda kuliuliza kwenye kamati ya shehia, na kwamba ana haki ya kuliuliza. Wiki iliyofuata nilimaliza mazoezi. Kunde ya mchanga ilikuwa imeshakufa, ya udongo ilikuwa imeanza kutoa ua, na wanafunzi waligombania nani aende nayo nyumbani. Alishinda yeye.